Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mitindo ya soka ya mataifa na timu ndogo zinazoangusha vigogo

Maswali haya hurudi kila inapofika AFCON au Kombe la Dunia, kwenye vibanda umiza vya Dodoma, Kondoa, Mpwapwa hadi Manyoni. Mengine huulizwa na makocha wa timu za kata na shule wanaotaka kujua wakope nini kwa wakubwa. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu swali lenyewe halina mengi.

Ni kweli kila taifa lina mtindo wake wa soka?

Kwa kiasi fulani. Mtindo hautoki kwenye damu. Unatokana na ligi ya nyumbani inavyochezwa, makocha walikosomea, viwanja vilivyopo na kigezo kinachotumika kuchagua vijana. Hivyo vikibadilika, nao unabadilika.

Brazil iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 1958 ilicheza 4-2-4, yaani mabeki wanne, viungo wawili na washambuliaji wanne. Brazil ya 1994 ilisimamisha viungo wakabaji wawili, Dunga na Mauro Silva, ikatoka 0-0 na Italia kwenye fainali na kubeba kombe kwa matuta. Uholanzi, ambayo mwaka 1974 ilijulikana kwa wachezaji kubadilishana nafasi uwanja mzima, ilikwenda Brazil mwaka 2014 na mabeki watano. Ujerumani ilishika mkia kwenye kundi lake Euro 2000, ikajenga upya mfumo mzima wa kulea vijana, na mwaka 2014 ikaichapa Brazil 7-1 kwenye nusu fainali.

Kuna na mitindo inayosifiwa kwa sababu isiyo yake. Uhispania ya 2010 inakumbukwa kama timu ya kushambulia, lakini ilifunga mabao 8 tu katika mechi 7, na mechi zote nne za mtoano ilishinda 1-0. Zile pasi nyingi zilikuwa njia ya kukaba: asiye na mpira hakufungi.

Timu ndogo ikishinda, si bahati tu?

Bahati imo, ila ina mahali pake. Soka lina mabao machache. Kombe la Dunia 2022 lilikuwa na mabao 172 katika mechi 64, hayafiki matatu kwa mechi. Kwenye mchezo wa namna hiyo, bao moja la mapema linageuza kila kitu.

Piga hesabu. Chukua mechi ambayo timu kubwa kwa kawaida ingefunga mabao 2 na ndogo 0.7. Ukiirudia mara 100 kwa hesabu ya uwezekano, kubwa inashinda kama mara 68, sare 20, na ndogo inashinda 12. Kwa hiyo mara 32 kati ya 100 kigogo anaondoka bila alama tatu, hata bila mtu kucheza vibaya. Kazi ya kocha wa timu ndogo ni kuzisogeza namba hizo: apunguze nafasi za mpinzani kwanza, kisha atafute bao lisilohitaji kumiliki mpira, yaani kona, faulo, mpira wa kurusha au kaunta (shambulizi la haraka mara tu mpira unaponyang'anywa).

Kila mpango wa kukaba unaacha kitu wazi. Timu ndogo inayofika mbali imechagua yenyewe cha kuacha. Inayofungwa tano haikuchagua.

Kupaki basi ni nini hasa, na mbona kwa wengine linabomoka?

Watu wengi hudhani ni kurundika watu golini. Likipakiwa hivyo, linabomoka ndani ya nusu saa.

Basi linalosimama lina vipimo. Mstari wa mabeki unakaa mita 18 hadi 22 kutoka golini, nje kidogo ya boksi. Mstari wa viungo uko mbele yao kwa mita 8 hadi 12. Upana wa mistari yote miwili hauzidi upana wa boksi la penalti, mita 40 hivi, na wote wanahama kuelekea upande ulipo mpira. Maana yake winga wa mpinzani wa upande wa pili anaachwa peke yake kabisa. Hilo limekusudiwa. Pasi ya kumfikia ni ndefu na inakaa hewani muda wa kutosha mistari yote miwili kuhama.

Morocco ya 2022 ndiyo mfano wa kuutazama tena na tena. Walid Regragui alipewa timu mwishoni mwa Agosti, miezi mitatu kabla ya Kombe la Dunia. Alimweka Sofyan Amrabat peke yake kati ya mistari miwili, na Youssef En-Nesyri akarudi kukaba karibu na duara la kati. Uhispania ilipiga pasi zaidi ya 1,000 kwa dakika 120 na haikupata bao. Hadi inafika nusu fainali, bao pekee lililoingia kwenye nyavu za Morocco lilikuwa la kujifunga, dhidi ya Canada.

Kinachosahaulika ni kwamba Morocco ilikuwa na watu wa kutoka na mpira: Hakimi, Ounahi, Boufal. Timu isiyo nao ikiokoa mpira unarudi baada ya sekunde tano, na hapo ndipo miguu inapoisha.

Makosa yanayobomoa basi, kwa mpangilio wa yanavyotokea mara nyingi:

- Mabeki kuzama ndani ya boksi. Krosi ya chini ikirudishwa nyuma, mpigaji anakuwa huru mita 14 kutoka golini. Beki wa kati ndiye wa kupaza sauti ya kupanda kila mpira unaporudishwa nyuma.
- Mawinga kuchoka kati ya dakika ya 60 na 70, kwa kuwa ndio wanaokimbia zaidi kwenye mpango huu. Wabadilishe hao kwanza, kabla ya mshambuliaji.
- Faulo za kijinga mita 20 kutoka golini. Umekaba vizuri dakika nzima, halafu unampa mpinzani nafasi ya bure.
- Kurudi nyuma zaidi baada ya kupata bao.

Hilo la mwisho Watanzania tunalijua. Januari 2024, kwenye AFCON ya Ivory Coast, Simon Msuva aliifunga Zambia dakika ya 11, na Zambia ikabaki na watu 10 kabla ya mapumziko. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Ukiwa na mtu zaidi, dawa ni kukaa na mpira, hata kama ni pasi za mabeki tu zisizokwenda popote.

Saudi Arabia iliifunga Argentina bila kupaki basi. Iliwezekanaje?

Iliacha kitu kingine. Novemba 2022, kwenye Kombe la Dunia, kocha wake Hervé Renard alipandisha mabeki wake karibu na nusu ya uwanja na kuacha eneo kubwa nyuma yao. Argentina ilinaswa kwenye kuotea mara 10, na mabao yake matatu ya kipindi cha kwanza yalikataliwa kwa kuotea. Kipindi cha pili Al-Shehri alifunga dakika ya 48, Al-Dawsari dakika ya 53, na mechi 36 za Argentina bila kupoteza zikaishia hapo.

Mtego huu unahitaji mambo mawili kwa pamoja: mstari mmoja usiokatika, na presha kwa mwenye mpira. Mwenye mpira akipata sekunde mbili za kuinua kichwa, anapiga nyuma ya mabeki na mmekwisha. Kwa timu ya mtaani hatuushauri kabisa. Mechi zile zilikuwa na VAR, waamuzi wa video, ya kupima sentimita. Kwako yuko mshika kibendera mmoja anayekimbia kwenye mchanga.

Mipira ya kutenga (kona, faulo, kurusha) inasaidia kiasi gani?

Kuliko kitu kingine chochote ambacho timu ndogo inaweza kujifunza kwa muda mfupi.

Ugiriki ilikwenda Euro 2004 haijawahi kushinda hata mechi moja kwenye fainali za mashindano makubwa. Ikabeba kombe. Hatua ya mtoano ilishinda mechi tatu, Ufaransa, Czech na Ureno, zote 1-0 na zote kwa vichwa. Mabao mawili kati ya hayo, la Dellas dhidi ya Czech na la Charisteas kwenye fainali, yalitokana na kona. Watu waliichukia Ugiriki ile kwa kuwa haikuvutia. Ni haki yao, lakini sijui walitaka kocha Otto Rehhagel afanye nini na kikosi kile.

Iceland ya Euro 2016 ilikuwa nchi ya watu kama 330,000, chini ya nusu ya wakazi wa Jiji la Dodoma, ambao sensa ya 2022 iliwahesabu zaidi ya 760,000. Silaha yake ilikuwa kurusha kwa mikono: Aron Gunnarsson anarusha hadi ndani ya boksi, Kári Árnason anaugusa kwa kichwa, mwingine anamalizia. England ilifungwa hivyo dakika ya 6, na mechi ikaisha 2-1. Na hapa kuna kitu cha bure kwenye sheria: hakuna kuotea mpira unapopokelewa moja kwa moja kutoka kwa mrushaji. Vivyo hivyo kwa kona na goli kiki. Mpinzani anatakiwa kukaa mita 2 tu kutoka kwa mrushaji, lakini kukimbia na kurusha hakukatazwi, mradi miguu yote miwili iguse chini, kwenye mstari au nje yake, na mpira utoke nyuma ya kichwa.

Kwenye matuta, timu ndogo ina nafasi sawa?

Karibu sawa, ndiyo maana huyatafuta. Zambia ya 2012 iliifunga Ivory Coast 8-7 kwa matuta kwenye fainali ya AFCON mjini Libreville, jiji lilelile ambalo ndege ya timu yao ilianguka baharini karibu nalo mwaka 1993. Didier Drogba alipaisha penalti ndani ya dakika 90. Kipa Kennedy Mweene aliokoa moja na kufunga ya kwake. Ivory Coast haikufungwa bao hata moja la kawaida mashindano yote, na bado ilikosa kombe.

Kwa vitendo: andika majina ya wapigaji watano kabla ya mechi, si baada ya filimbi. Mpigaji bora apige wa kwanza au wa pili. Ukimbakiza wa tano, huenda zamu yake isifike. Kila mmoja achague upande kabla ya kuweka mpira chini na asibadilishe. Kipa lazima awe na sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari au usawa wake mpira unapopigwa. Akitoka mapema na kuokoa, inarudiwa.

Mbona timu za kushangaza huishia njiani?

Kikosi kifupi. Mpango wa kukimbia sana unaweza kuufanya mechi moja na wachezaji 11. Kwa mechi saba zinazochezwa kila baada ya siku tatu au nne unahitaji 16 au 17 wa kiwango kilekile. Saudi Arabia ile iliyoifunga Argentina haikutoka hata kwenye kundi.

Kadi ni adui mwingine. Cameroon ya Kombe la Dunia 1990 iliifunga Argentina 1-0 ikimaliza na watu 9, lakini robo fainali dhidi ya England iliwakosa wachezaji waliofungiwa na ikatolewa 3-2 kwenye muda wa nyongeza. Ndugu zetu wa Comoro kwenye AFCON 2021 waliitoa Ghana kwa 3-2, kisha dhidi ya Cameroon wakabaki bila kipa kwa majeraha na uviko. Beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, akavaa glovu. Walifungwa 2-1 tu, tena wakiwa 10 tangu mapema, na bao lao lilikuwa faulo ya Youssouf M'Changama kutoka mbali mno. Ukiwa na kikosi cha watu 20, hakikisha mmoja wa wachezaji wa ndani ameshajaribiwa golini mazoezini.

Kinyume chake pia hutokea: kigogo anaanguka kisha anainuka. Ivory Coast ilipigwa 4-0 nyumbani na Equatorial Guinea Januari 2024, ikamwondoa kocha, ikapenya kama mshindi wa tatu mwenye alama 3, na Emerse Faé akaipeleka hadi ubingwa.

Tanzania imewahi kufika wapi?

AFCON ya kwanza ilikuwa 1980 nchini Nigeria: vipigo viwili na sare ya 1-1 na Ivory Coast. Ikapita miaka 39 hadi Misri 2019, ambako Taifa Stars ilipoteza zote tatu, ikiwemo ile ya 3-2 na Kenya. Nchini Ivory Coast, Januari 2024: alama 2, mkiani mwa kundi. Nchini Morocco, kwenye AFCON ya 2025: alama 2 tena, lakini safari hii ikaingia 16 bora kwa mara ya kwanza.

Alama 2 zilitosha vipi safari hii na si ile?

Mashindano ya timu 24 yana makundi sita. Wawili wa juu wanapita, na washindi wa tatu wanne bora kati ya sita. Kwenye AFCON iliyochezwa Ivory Coast, Stars ilimaliza ya nne, kwa hiyo haikuingia hata kwenye hesabu. Kwenye ile ya nchini Morocco, Stars ilimaliza ya tatu: 1-2 na Nigeria, 1-1 na Uganda, 1-1 na Tunisia. Angola nayo ilikuwa na alama 2 na tofauti ya mabao ya -1 kama Tanzania. Kilichoamua ni mabao ya kufunga: Tanzania 3, Angola 2. Bao la Charles M'Mombwa kwenye mechi tuliyofungwa na Nigeria, ambalo siku ile lilionekana la kufutia machozi, ndilo lililotuvusha. Kwa mfumo huu usikubali kufungwa 3-0 kwa madai kwamba mechi imeshakwisha.

Basi mtindo wa Tanzania ni upi?

Bado unatengenezwa. Ukitazama CHAN (mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani) ya Agosti 2025 iliyochezwa nyumbani, Stars ilivuka makundi na alama 10 ikiwa imefungwa bao 1, kisha ikatolewa na Morocco 1-0. AFCON iliyofuata, Morocco tena, 1-0 tena. Miaka miwili nyuma Morocco ilitufunga 3-0. Ukuta umekomaa. Kinachokosekana ni namna ya kufika golini kwa mpinzani zaidi ya mara mbili tatu kwa mechi, na hilo halitatuliwi na kocha wa timu ya taifa kwa kambi ya siku kumi. Linaanzia kwenye ligi, ambako nafasi za mbele hujazwa na wageni kwenye timu kubwa.

Timu yetu ya kata inakutana na timu ya mjini yenye wachezaji wa ligi. Tuna wiki mbili. Tufanye nini?

Vipindi sita vya dakika 75 vinatosha kwa jambo moja la kukaba na mawili ya kutenga. Msijaribu zaidi ya hapo.

Vipindi viwili vya kwanza: mabeki wanne na kamba ya katani. Kata vipande vitatu vya mita 8. Beki wa kulia na wa kati wanashika kipande kimoja, mabeki wa kati wawili wanashika cha pili, na hivyohivyo hadi kushoto. Kocha anatembea na mpira mbele yao kutoka upande hadi upande, nao wanahama kwa kutembea, hawakimbii. Kamba ikikaza, nafasi kati yao imekuwa kubwa. Ikiburuta chini, wamebanana. Baada ya dakika 15 waachie kamba na wafanye vilevile kwa mwendo wa kukimbia. Rudia kwa viungo.

Kipindi cha tatu na cha nne: wanane (mabeki na viungo) dhidi ya kumi, nusu uwanja, dakika 4 mara 6, mapumziko dakika 2. Wanane wakinyang'anya mpira wana pasi tatu za kuuvusha nusu ya uwanja. Hapa ndipo kosa kubwa huonekana: kila anayenyang'anya anaubutua mbele. Mpe maelekezo kwamba pasi ya kwanza iende pembeni, kwa winga wa upande aliopo.

Kipindi cha tano: kona mbili, moja nguzo ya karibu na moja ya mbali, kila moja mara 20, na mtafute mrushaji mmoja mwenye mikono ya mbali. Cha sita kiwe chepesi, dakika 40, kimalizie na matuta.

Jua na upepo wa Dodoma vinampa mwenyeji faida?

Mwinuko hauna la kusema. Dodoma iko mita 1,100 na kitu juu ya usawa wa bahari. La Paz, ambako Bolivia iliifunga Brazil 2-0 mwaka 1993, iko mita 3,600, na hiyo ndiyo inayokata pumzi.

Upepo wa kiangazi ni jambo jingine. Ukicheza na upepo mgongoni, mpira mrefu unakimbia hadi kwa kipa au nje, kwa hiyo kaunta za juu hazifanyi kazi. Pigeni chini. Upepo ukiwa usoni, mpira wa juu nyuma ya mabeki unasimama na mshambuliaji anaufikia, ila goli kiki inaishia karibu, basi kipa aanze kwa pasi fupi kwa beki wa pembeni. Anayeshinda shilingi anaruhusiwa kuchagua upande au kuanza mpira. Timu ndogo ichague upepo mgongoni kipindi cha kwanza, ifike mapumziko haijafungwa. Kwenye uwanja mkavu usio na nyasi, mpira wa kudunda mbele ya kipa unapanda kuliko anavyotarajia. Shuti za chini za mbali zina thamani huko kuliko kwenye Uwanja wa Jamhuri.

Niiweke timu ndogo kwenye mkeka?

Zile mara 12 kati ya 100 kampuni ya kubeti imeshazihesabu, na odi zake zimebaki chini ya haki kidogo ili ipate faida. Ukiweka vibonde watano kwenye mkeka mmoja, kila mmoja kwa nafasi hiyo ya asilimia 12, nafasi ya wote kushinda ni kama 1 kati ya 40,000.

Nikiwa kibanda umiza, nitajuaje mapema kwamba timu ndogo itasimama?

Acha kufuata mpira kwa dakika 15 za mwanzo, maana kamera inakuonyesha mpira tu. Tazama mstari wa mabeki kila mpira unaporudishwa nyuma: wanapanda pamoja au wanabaki? Hesabu mara ngapi timu ndogo inapiga pasi tatu mfululizo baada ya kunyang'anya. Ikifika mara nne au tano ndani ya robo saa, ina mapafu ya kumaliza mechi. Ikiwa ni sifuri, tazama mawinga wake kuanzia dakika ya 60, wakishika magoti kila mpira unapotoka.